Umepangiwa bingwa raundi ya kwanza: namna ya kucheza na anayekuzidi

Ukiingia mashindano ya wazi ya chesi Kampala ukiwa na reitingi (namba inayopima nguvu ya mchezaji) ya 1500, au bado huna reitingi, jiandae kukutana na mtu wa 1900 au zaidi asubuhi ileile ya kwanza. Hakuna aliyekuonea. Mashindano mengi ya wazi hupangwa kwa mfumo wa Uswisi: wachezaji wanaorodheshwa kwa reitingi kutoka juu kwenda chini, orodha inakatwa katikati, kisha nusu ya juu inakutanishwa na nusu ya chini. Wakiwa 40, namba 1 anacheza na namba 21, na namba 20 anacheza na namba 40. Pengo limo ndani ya mpangilio wenyewe.

Mwongozo huu ni wa yule namba 25 au 33. Wengi wa nafasi hizo huingia ukumbini wameshashindwa, kana kwamba ule msemo wa mwenye nguvu mpishe ni kanuni ya FIDE, shirikisho la chesi duniani. Usimpishe. Anayekuzidi reitingi hashindi kwa miujiza. Mara nyingi anakushinda kwa njia mbili tu: unamwachia kete ya bure, au unakimbilia kurahisisha mchezo ili mtoke sare, kumbe unampeleka mahali anapokuzidi zaidi. Ziba njia hizo mbili, naye itabidi akae kitini kwa muda wa saa tatu akiutafuta ushindi.

## Anza na hesabu

Tuseme wewe ni 1500 na yeye ni 1900. Kwa tofauti hiyo ya pointi 400, mfumo wa Elo, unaokokotoa reitingi, unamtarajia avune 0.92 na wewe 0.08 (ushindi ni 1, sare ni 0.5). Mtu mzima aliyekwisha kucheza michezo 30 yenye kuhesabiwa na ambaye hajawahi kufika 2400 huwa na kizidisho cha 20, yaani tofauti kati ya alichovuna na alichotarajiwa huzidishwa kwa 20. Kwa hiyo ukipoteza, unakatwa pointi 1.6. Mkitoka sare, unapata 8.4. Ukishinda, unapata 18.4. Kijana wa chini ya miaka 18 ambaye reitingi yake haijafika 2300 ana kizidisho cha 40, hivyo namba zote hizo zidisha mara mbili.

Sasa igeuze upande wake. Yeye akikushinda anaongeza 1.6 tu, lakini sare inamkata 8.4. Ndiyo maana ikifika saa sita mchana na mchezo bado uko sawa, yeye ndiye anayeanza kuhangaika kwenye kiti. Wewe huna kikubwa cha kupoteza, na hilo ni jambo la hesabu, si maneno ya kutiana moyo. Kama bado huna reitingi, unahitaji angalau michezo 5 dhidi ya wenye reitingi ili upate ya kwanza, kwa hiyo kupangiwa mtu wa namna hiyo ni sehemu ya safari yako.

Na historia ipo. Mwaka 2002, kwenye Olimpiadi ya chesi ya Bled, Slovenia, Robert Gwaze wa Zimbabwe alicheza michezo 9 kwenye meza ya kwanza, ambako kila nchi huweka mtu wake mkali, akashinda yote 9. Hapa kwetu Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende, mwaka 2010 alikuwa kwenye Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, Urusi, akikaa mbele ya wanawake waliokuwa na makocha na vitabu tangu utotoni. Baada ya Olimpiadi ya Istanbul ya mwaka 2012 akapata cheo cha WCM (Woman Candidate Master). Hakuna aliyemsubirishia wapinzani wa kiwango chake kwanza.

## Usiku wa kuamkia mchezo

Mara nyingine orodha ya raundi ya kwanza hutumwa kwenye kundi la WhatsApp usiku. Ukishaona jina la mpinzani, mtafute kwenye tovuti ya FIDE uone reitingi yake, kisha tafuta michezo yake mtandaoni. Unataka kujua mambo mawili: akiwa na nyeupe anaanza na askari gani, na ukianza wewe anakujibu vipi. Nusu saa inatosha.

Usijifunze ufunguzi mpya usiku huo. Hilo nalisisitiza kwa sababu ndiyo tamaa kubwa zaidi: unaona anacheza ufunguzi wa Sisilia, unafungua video, saa nane usiku unakariri hatua 14 ambazo hujui sababu yake hata moja. Kesho yake anacheza tofauti kwenye hatua ya 6, na wewe umebaki na usingizi.

Kama unatoka mbali, Arua au Mbarara au Mbale, fanya uwezavyo ufike Kampala siku moja kabla, ulale kwa ndugu, badala ya kushuka kwenye basi la usiku ukapanda boda moja kwa moja hadi ukumbini. Kula chakula ulichokizoea. Roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai) na chai vinatosha asubuhi. Beba maji na kalamu mbili.

## Mezani kabla saa haijaanza

Fika mapema. Kanuni za FIDE zinataka kila shindano litangaze muda wa mwisho wa kuchelewa, na kama halikutangaza, muda huo ni sifuri: saa ya raundi ikifika nawe hupo, umepoteza. Msongamano wa Kampala haumhusu mwamuzi.

Simu usiwe nayo mwilini. Izime kabisa na uiache mahali wasimamizi walipoelekeza. Ikikutwa mfukoni, au ikilia, unaweza kupoteza mchezo ambao ulikuwa unashinda.

Hakikisha mraba wa kona ya kushoto kwako ni mweusi, saa imewekewa muda sahihi, na karatasi yako ina majina yote mawili. Msalimie mpinzani kama anavyostahili umri wake, mzee ni mzee na afande ni afande, mpeane mkono, halafu heshima ya jina ibaki hapo. Kuanzia hatua ya kwanza unacheza na kete zilizo mbele yako.

Sheria tatu ndogo huwaumiza wageni kila mara. Ukiigusa kete yako kwa nia ya kuicheza, lazima uisogeze. Ukitaka kumficha mfalme kwa ngome, shika mfalme kwanza, tena kwa mkono mmoja. Na mkono uliosogeza kete ndio unaobonyeza saa.

## Ufunguzi: cheza unachokijua

Watu husema ukikutana na mkali, cheza kitu cha ajabu umtoe kwenye vitabu. Sikubaliani. Kitu cha ajabu kinakutoa wewe kwenye vitabu pia, na mkibaki nje wote wawili, mwenye uzoefu zaidi ndiye atakayeona njia.

Cheza ufunguzi ambao umeucheza mara nyingi na unajua kete zako zinakwenda wapi. Ukiwa na nyeupe, mfumo wa London unafaa kwa sababu mpangilio wake haubadiliki sana. Ukiwa na nyeusi dhidi ya e4 (mweupe akianza kwa kusogeza askari wa mbele ya mfalme miraba miwili), ufunguzi wa Karo-Kann ni nyumba imara. Kama wewe ni mtu wa e4 e5 na vita vya wazi, baki huko. Kinachotakiwa ni kwamba kufikia hatua ya 12 mfalme amejificha, farasi na maaskofu wametoka, ngome zimeonana bila kete kati yao, na hujatumia zaidi ya dakika 20.

## Kila hatua, maswali yaleyale

Hapa ndipo mchezo wenyewe ulipo. Kati ya wachezaji wa 1500 na 1900, tofauti kubwa haiko kwenye mipango ya mbali. Iko kwenye kete zinazoachwa bila mlinzi, na vitisho vya hatua moja au mbili ambavyo hukuviona. Kwa hiyo kila mpinzani anaposogeza, kabla hujawaza mpango wako, jiulize: amesogeza hivyo kwa nini, na sasa anaweza kula nini, kunipa cheki gani, au kunitishia nini? Kisha chagua hatua yako, na kabla hujaigusa kete uliza tena: nikicheza hivi, cheki zake ni zipi, na anaweza kula nini? Kalia mikono yako kama ni lazima.

Maswali hayo yanafaa kwa kushambulia pia. Tazama mtego huu wa zamani (K ni mfalme, Q malkia, B askofu, N farasi; herufi ndogo na namba ni mraba, x ni kula, + ni cheki). 1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.Bc4 Bg4 4.Nc3 g6. Askofu mweusi aliye g4 anamwangalia farasi wa f3, na nyuma ya farasi kuna malkia, kwa hiyo kila mtu anasema farasi amefungwa. Mwenye kuuliza maswali yake anaona 5.Nxe5! Anamwacha malkia aliwe. Mweusi akila, 5...Bxd1, inakuja 6.Bxf7+ Ke7 7.Nd5 chekimeti, farasi wawili na askofu mmoja wamemzingira mfalme katikati ya kete zake mwenyewe. Na mweusi akiuona mtego, akamla farasi kwa 5...dxe5, mweupe anamla askofu kwa 6.Qxg4 na amepata askari mmoja wa bure. Mtu wa 1900 huenda asikuachie mtego huu hasa, lakini jina la 1900 halimlindi mtu dhidi ya hatua aliyoidharau.

Na hapo pana jambo la kuwa nalo makini. Mkali akiacha kete wazi, wachezaji wengi wadogo wanaogopa kuila, wanadhani lazima kuna mtego. Ihesabu. Ukitazama mara mbili usione adhabu, ile. Wakali nao huchoka.

## Usibadilishane kete kwa hofu

Namna ya kawaida ya kupoteza kwa heshima ni hii: unacheza ufunguzi wa kubadilishana, kwa mfano 1.e4 e6 2.d4 d5 3.exd5 exd5, unatoa malkia kwa malkia, ngome kwa ngome, ubao unabaki mtupu, na moyoni unasema sare hiyo inakuja. Halafu anaanza kukutembeza. Mfalme wake anaingia katikati hatua tatu kabla ya wako, askari wako mmoja anabaki nyuma, na kwenye hatua ya 50 umebanwa kila upande bila kujua kosa lilikuwa wapi. Mwisho wa mchezo ndiko maarifa yaliyosomwa yanakotofautiana zaidi. Umempeleka mwenyewe.

Badilishana kete pale tu unapoweza kutaja faida kwa sentensi moja: anayetoka ni askofu wake mwenye nguvu, au mashambulizi yake yanakufa, au mimi nimeshamzidi kete. Kama sentensi pekee uliyonayo ni kwamba zitapungua, acha.

Badala yake tafuta mahali pa kumsumbua. Chagua kitu kimoja anachopaswa kukilinda, askari dhaifu au mfalme aliyechelewa kujificha, umlundikie kete hapo. Mchezo wenye vitu vingi ubaoni unamtaka na yeye ahesabu, na saa yake inapungua kama yako. Sikuambii utoe kete sadaka kwa kubahatisha. Nasema weka mchezo ulio na maswali kwa wote wawili.

## Saa

Muda wa dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua unatosha mtu asiyeupoteza kwenye hofu. Jiwekee kwamba ukifika hatua ya 25 uwe na angalau dakika 30. Andika saa iliyobaki pembeni ya karatasi kila baada ya hatua tano. Kukiwa na nyongeza ya sekunde 30 lazima uandike hatua hadi mwisho, hata ukibaki na dakika moja.

Usimfuate kasi yake. Wakali wengine, wakikuona mdogo, hucheza papo kwa papo huku wakitembea ukumbini, na wewe bila kujua unaanza kucheza haraka kama wao. Ni mtego ambao hata yeye huenda hajui ameuweka.

## Ukizidiwa, kuna mahali pa kukimbilia

Kuzidiwa askari mmoja si kushindwa. Kuna sare chache ambazo kila mchezaji wa mashindano lazima azijue usingizini, na ndizo za kujifunza wiki kabla ya shindano, badala ya ufunguzi.

Mfalme na askari dhidi ya mfalme peke yake. Mpinzani ana mfalme e5 na askari e6, wewe una mfalme e7 na ni zamu yako. Rudi nyuma wima, Ke8, si d8 wala f8. Akija Kd6, wewe Kd8. Akisukuma e7 kwa cheki, unarudi Ke8, na akija Ke6 kumlinda askari wake, huna pa kwenda na mfalme wako hayuko kwenye cheki: sare. Ukirudi Kd8 mwanzoni, anakuja Kd6 na umekwisha. Mraba mmoja tu unatenganisha nusu pointi na sifuri.

Askofu na askari wa pembeni. Mpinzani mweupe amebaki na askari wa safu ya h na askofu wa miraba myeupe, wewe mfalme tu. Mraba h8 ni mweusi, askofu huyo hataugusa kamwe. Mfikishe mfalme wako kwenye kona hiyo na ukae. Hawezi kukutoa.

Ngome na askari dhidi ya ngome, msimamo wa Philidor. Mfalme wako akae mbele ya askari, pale anapotaka kufika awe malkia. Ngome yako ikae kwenye mstari wa tatu ukihesabu kutoka upande wako, imzuie mfalme wake asisogee. Subiri hapo, ukiitembeza kushoto na kulia. Siku anapomsukuma askari kuingia kwenye mstari huo, peleka ngome mwisho kabisa wa ubao upande wake na anza kumpa cheki kutoka nyuma. Mfalme wake hana tena pa kujificha. Cheza msimamo huu na rafiki mara nyingi, kila mmoja kwa zamu yake, hadi mkono ujue.

Zaidi ya hapo kuna cheki za mfululizo, zinazourudisha msimamo uleule. Msimamo uleule ukitokea mara tatu, mwenye zamu ileile, unaweza kudai sare. Kama hatua yako ndiyo itakayouleta, iandike kwenye karatasi bila kuigusa kete, halafu mwite mwamuzi. Ukiisogeza kwanza, nafasi ya kudai imekupita.

## Kuomba sare, na kumwita mwamuzi

Utaratibu wa kuomba sare: sogeza kete, tamka, kisha bonyeza saa. Usiombe kila baada ya hatua tatu, ni usumbufu na unamwambia unaogopa. Yeye akikuomba wewe, tulia. Mtu wa 1900 hamwombi mtu wa 1500 sare kwa ukarimu. Ombi lake linabaki hai hadi ulikatae kwa mdomo au uguse kete kwa nia ya kucheza, kwa hiyo tumia saa yako, tafuta anachokiogopa. Ukikiona, endelea. Usipokiona, chukua 8.4 zako.

Jambo lolote la utata, simamisha saa na umwite mwamuzi. Usibishane na mpinzani, hata kama ni mtu anayejulikana ukumbi mzima. Akicheza hatua isiyo halali na saa akabonyeza, kwa mara ya kwanza wewe unaongezewa dakika mbili, kwa mara ya pili amepoteza. Na muda wako ukiisha wakati yeye amebaki na mfalme peke yake, ni sare, usikubali kuambiwa umeshindwa.

## Baada ya kupeana mkono

Sainini karatasi zote mbili, matokeo yakiwa yameandikwa sawasawa, mzipeleke kwa mwamuzi. Kisha mwombe mpinzani: "Mzee, naomba tuupitie kidogo." Wengi hukubali. Nendeni nje ya ukumbi, muweke ubao mezani, umwulize swali moja mahususi: ni hatua gani aliyoiogopa ambayo hukuicheza? Jibu lake andika. Kompyuta utaifungua jioni, na itakuonyesha hatua sahihi, lakini haitakuambia mtu wa 1900 alikuwa anawaza nini alipokutazama.

Usikae hapo mchana kutwa. Ukiwa umepoteza, raundi ya pili itakukutanisha na wenye sifuri kama wewe, na huenda safari hii wewe ndiye utakayekuwa na reitingi kubwa mezani. Mpinzani wako atataka kubadilishana kila kete ili mtoke sare. Usimkatalie kwa pupa wala usimdharau. Mwache arahisishe, mfalme wako aingie katikati mapema, na umkagulie kila hatua kwa maswali yaleyale uliyomtumia yule wa asubuhi.